Hendeli Isizungushwe

Halifax, Jumapili 9 Septemba 1962

Dada Hilda,

Habari za huko Ilfracombe. Sisi huku hatujambo. Elsie anakusalimu. Goti lake lilitulia kidogo wakati wa joto, sasa joto linaondoka. Mvua imenyesha siku nne mfululizo. Vitunguu vyangu vimekuwa vikubwa mwaka huu, sijui kwa nini, maana sikuvishughulikia. Kanisani wamepata mpiga kinanda mpya, na Elsie anasema anazikimbiza nyimbo kama mtu anayewahi basi.

Nina jambo la kazi. Ile mashine ya kukereza chuma iliyomo kibandani, ile ndogo ya mezani ya kabla ya vita, haina bangili ya vipimo. Hendeli ya kusogezea kisu inazunguka tu, haikuambii umesogea kiasi gani. Za siku hizi zina bangili yenye mistari nyuma ya hendeli, unasoma mstari, unajua. Nataka bangili ya namna hiyo. Wewe ulichora mistari ya vipimo miaka kumi na tisa kule kiwandani Leeds, na najua kile kigawanyio chako, cha kugawia duara sehemu sawa, bado unacho chini ya kitanda fulani.

Sharti ni moja. Wakati wa kuifunga, hendeli isizungushwe wala isichomolewe. Isisogee hata kidogo.

Haina haraka. Bwana Sugden, katibu wa chama chetu cha watengenezaji wa injini ndogo, alipita juzi akaulizia ile injini ya mvuke. Nilimwambia ipo.

Kaka yako,
Wilf


Ilfracombe, 20 Septemba 1962

Kaka Wilf,

Barua yako imenikuta juu ya kiti, natungua mapazia ya chumba namba tatu. Wageni wa mwisho wa kiangazi wameondoka Jumamosi, mtu na mkewe kutoka Birmingham waliolalamika wiki nzima kwamba bahari ina kelele. Niliwaambia nitazungumza nayo. Msalimu sana wifi yangu, mwambie goti alifunge flaneli na aache kupiga magoti kusugua ngazi za mbele, hakuna anayezikagua. Mimi sijambo. Paka wa Arthur bado yu hai na bado hanipendi. Miaka mitatu tangu mume wangu afe, bado yule mnyama analala kwenye kiti chake akinitazama kama mpangaji.

Sasa bangili. Wilf, kutoa hendeli ni nati moja. Unafungua, unachomoa, unaingiza bangili nzima, unarudisha. Kazi ya dakika tano, na chai katikati. Bangili ya kuingia bila kutoa hendeli itabidi iwe nusu mbili zinazoikumbatia skrubu na kubanwa pamoja, na hiyo ni kazi mara tatu. Ulikuwa fundi mkerezaji miaka arobaini, usinifanye niamini kwamba umesahau nati hufunguliwaje.

Nahitaji kujua skrubu ya kusogezea kisu ina nyuzi ngapi kwa inchi. Njia rahisi, zungusha hendeli mara moja kamili, upime kisu kimesogea kiasi gani. Niandikie pia unene wa shingo ya hendeli na nafasi iliyopo nyuma yake.

Jambo jingine. Barua yako ina kurasa mbili na jina la mwanao Clifford halimo. Mashine ni yake, injini ni yake. Niliisoma tena nikidhani nimeruka mstari.

Dada yako,
Hilda


Halifax, Jumapili 14 Oktoba 1962

Dada Hilda,

Habari zenu. Sisi hatujambo. Samahani kwa kuchelewa, niliianza barua hii wiki mbili zilizopita. Elsie anakusalimu. Ngazi bado anasugua. Jirani yetu Ramsden amepoteza njiwa wawili wa mashindano, anasema ni ukungu, mimi nasema wamemchoka.

Vipimo. Shingo ya hendeli ni inchi moja kasoro sehemu nne za elfu. Nafasi nyuma yake ni sehemu tatu za nane za inchi, haizidi. Nyuzi za skrubu nimezihesabu kwa tochi na rula, nimelala chali chini ya meza. Ni kumi kwa inchi. Kwa hiyo mzunguko mmoja ni sehemu ya kumi ya inchi, na mistari mia itanipa sehemu ya elfu kwa kila mstari. Unywele wa Elsie nimeupima, ni sehemu tatu za elfu. Kwa hiyo ni kipimo cha kutosha.

Hendeli sikuizungusha. Umeuliza kwa nini, nitakuandikia mara moja tu.

Jumamosi ile, tarehe 17 Machi, Clifford alikuwa anatanua tundu la silinda ya injini yake. Alifika katikati ya tundu, kisu kikaanza kutetemeka. Akazima mota akaja jikoni kusema anakwenda Sowerby Bridge kwa pikipiki kuazima kisu kinene zaidi, nusu saa tu. Kisu chake bado kimo ndani ya silinda. Hendeli iko pale mkono wake ulipoiacha. Hakuna aliyegusa kitu tangu siku hiyo. Ufunguo wa kibanda ninao mimi, naingia Jumamosi, natazama, natoka.

Naogopa mtu ataigonga. Sugden anataka kuja na watu wa chama kuimalizia injini, na mtu mmoja tu akiweka kiwiko pale, basi. Nikiifunga bangili bila kuisogeza hendeli, sifuri ikiwa pale ilipo sasa, hata ikigongwa nitajua pa kuirudisha.

Ndiyo sababu. Usiniulize zaidi.

Wilf


Ilfracombe, 4 Novemba 1962

Kaka yangu Wilf,

Nisamehe kwa lile neno la nati. Ningejua nisingeandika. Nilikaa na barua yako siku kadhaa, halafu nikavuta kigawanyio kutoka chini ya kitanda cha chumba namba mbili. Kilikuwa kimefungwa kwenye blanketi la Arthur. Kimekauka, lakini meno yake ni mazima.

Msalimu Elsie. Huku pamekuwa kimya, hoteli zote zimefunga, na upepo unavuruga kila kitu. Bwana Braund mwenye gereji amekubali kunikerezea kiwiliwili cha bangili, maana mimi nina cha kugawia tu, sina cha kukerezea. Aliniuliza mwanamke wa umri wangu anataka bangili ya mashine ya nini. Nikamwambia nataka kuivaa kanisani.

Nimeichora hivi. Shaba ya njano, kipenyo inchi mbili na robo ili mistari isibanane, maana najua macho yako na najua hutavaa miwani. Upana robo inchi, tusiguse ukingo wa mashine. Nusu mbili, skrubu mbili ndogo za kubana, vichwa vyake vimezama ili visikwaruze vidole. Mistari mia. Ya tano tano iwe mirefu kidogo, ya kumi kumi mirefu zaidi yenye namba. Namba zisimame wima kwa mtu aliyesimama mbele ya mashine, siyo kichwa chini kama za kiwandani kwetu, zile zilizokuwa zinampa kila mtu shingo ngumu. Niambie kama kuna la kubadili.

Kuna jambo nimeliandika mara tatu na kulichana. Naliandika mara ya nne. Ile pikipiki ya ajali ilikuwa ya Arthur. Mimi ndiye niliyempa Clifford, Agosti ya mwaka jana, hapa uani kwangu. Nilimwona akiifuta vumbi, nikasema ichukue mwanangu, mume wangu hataiendesha tena. Elsie aliniandikia kunikataza. Nilimjibu kwamba mtu wa miaka ishirini na sita si mtoto. Na nilipowaambia sikuweza kuja mazikoni kwa sababu bomba limepasuka na nyumba imejaa maji, hakuna bomba lililopasuka. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nimevaa koti na kofia, na teksi nje inapiga honi, na sikuweza kuinuka.

Hilda


Halifax, Jumapili 25 Novemba 1962

Dada Hilda,

Hatujambo. Elsie anakusalimu. Alioka keki ya tangawizi ya usiku wa mioto, ile sikukuu ya tarehe tano, sinia mbili kama kila mwaka, halafu akazigawa zote kwa majirani. Sisi hatukuonja. Sikumuuliza.

Mchoro wako ni sawa. Mistari iwe myembamba lakini iwe na kina, na uijaze rangi nyeusi ili isomeke. Kipenyo ni sawa. Namba wima, sawa. Vichwa vya skrubu kuzama, sawa.

Sugden alikuja tena. Chama kina maonyesho mwezi wa tano, wanataka injini ya Clifford iwepo, imemalizika, na kadi yenye jina lake. Alisema nimpe silinda akaimalizie kwake. Nilimwambia silinda haitoki kwenye mashine. Akasema, "Wilf, chuma hakikumbuki kitu." Nilimsindikiza mlangoni.

Elsie hajui habari za bangili. Kibandani haingii, na simlaumu. Ijumaa nikienda Brighouse kucheza domino yeye anabaki na redio yake.

Mengine uliyoandika nimeyasoma.

Wilf


Ilfracombe, 31 Januari 1963

Kaka Wilf,

Sijui barua hii itakufikia lini. Theluji imetufunga tangu baada ya Krismasi, na wiki tatu hatukuona posta. Mkate ulikuja kwa trekta. Ukingo wa bahari umeganda, na watu wanashuka kuutazama kwa sababu hakuna kingine cha kutazama. Nasikia kwenu ni vibaya zaidi. Mwambieni Ramsden awaingize njiwa wake ndani. Msalimu Elsie, kama bado anapokea salamu zangu.

Nimeharibu bangili.

Bwana Braund alinikerezea vizuri, pete nzima ya shaba isiyo na hila. Nilikaa mezani jikoni karibu na dirisha, asubuhi tu, wakati mwanga ni wa kweli, na kwa siku tano nilichora mistari yote mia. Mkono ulikumbuka, Wilf. Sikutegemea. Nikaijaza rangi, nikafuta, ikang'aa, nikaiweka juu ya kabati nikaitazama kama msichana aliyeletewa posa. Kisha nikauchukua msumeno nikaikata nusu mbili.

Unajua nilichofanya. Msumeno hula. Ulikula karibu mstari mmoja kila upande, na nusu zikibanwa pamoja mistari inabaki tisini na nane na kitu. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angejua. Msichana wangu wa kiwandani angefanya hivyo ningemrudisha kwao na barua kwa mama yake.

Kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kukata baada ya kuchora. Nimejiuliza imekuwaje. Nadhani nilikuwa nakata huku nangoja posta. Hukunijibu lile nililokuandikia Novemba. Uliandika umelisoma, na mimi nimekuwa nikilisoma hilo neno lako moja tangu wakati huo. Afadhali ungenitukana.

Nitaanza upya. Bwana Braund amebakiwa na kipande cha shaba.

Hilda


Halifax, Jumapili 17 Februari 1963

Dada Hilda,

Barua yako ya Januari imefika jana. Hatujambo. Bomba limepasuka, la kweli. Elsie ana kikohozi. Tumezika watu watatu wa kanisa letu mwezi huu na makaburi yanachimbwa kwa sururu.

Kata kwanza. Zilainishe nyuso mbili, uziunganishe kwa risasi ya kulehemu, mpe Braund akereze ikiwa imeshikana, uchore mistari yako, halafu uipashe moto risasi iyeyuke na nusu ziachane. Hapo hutapoteza kitu. Unajua. Nimeiandika tu.

Kibandani barafu imeota ndani ya kioo cha dirisha, unene wa kidole, lakini mashine haina kutu hata doa. Chuma cha kabla ya vita kilikuwa chuma.

Siwezi kukutukana, Hilda. Siwezi kitu chochote. Naamka, nawasha jiko, nakaa. Elsie anapita, napisha miguu. Nimejaribu kukukasirikia, na kulikuwa na siku nilidhani nimeweza, halafu nikagundua ni njaa. Ni hayo tu. Bangili iletwe itakapokuwa tayari.

Wilf


Ilfracombe, 9 Machi 1963

Wilf,

Theluji inayeyuka, mifereji yote inaimba. Msalimu Elsie, mpe asali iliyomo humu kwa kikohozi.

Bangili ndiyo hii. Nilifanya kama ulivyoandika. Nilipoipasha moto nusu ziliachana zenyewe, na nilipozibana tena, sikuweza kuona ziliungana wapi mpaka nilipochukua lenzi. Mistari ni mia, nimeihesabu mara nne. Mstari wa thelathini na saba ni mrefu kupita wenzake kwa unene wa kucha, kwa sababu mtu alibisha mlango. Nimeuacha.

Ifunge bila kulazimisha. Kaza skrubu moja kidogo, halafu ya pili, halafu rudi kwa ya kwanza. Na ujue bangili haihesabu mizunguko mizima. Hendeli ikizunguka mara tatu itakuonyesha sifuri ile ile, kwa hiyo kabla ya kuigusa pima pia kisu kiko umbali gani.

Lile jambo sikuulizi tena.

Hilda


Halifax, Jumapili 24 Machi 1963

Dada Hilda,

Hatujambo. Theluji imebaki kwenye kivuli cha kuta tu. Kikohozi cha Elsie kimepona, asali imeliwa na kijiko kimelambwa. Elsie anakusalimu. Safari hii amesema kweli nikuandikie kwamba anakusalimu. Zamani nilikuwa naandika tu.

Kifurushi kilifika Jumatano ya wiki juzi. Nilingoja Jumamosi, tarehe kumi na sita, maana kesho yake ulikuwa unatimia mwaka. Niliifunga asubuhi. Iliingia kama ulivyosema na hendeli haikusogea. Nikaweka sifuri kwenye alama niliyoikwaruza ubavuni mwa mashine, nikakaza skrubu. Ni kazi nzuri, Hilda. Sijaona nzuri kama hiyo kwenye mashine yoyote niliyoisimamia. Nikakaa kwenye sanduku nikaitazama. Nilikuwa nimedhani nikishaifunga nitasikia kitu. Sikusikia kitu.

Nikaona afadhali Elsie naye aione. Nikamwita. Alikuja na aproni yake, akafuta mikono, akainama akasoma namba zako. Akauliza kama hii ndiyo iliyokuwa inaniandikisha barua tangu Septemba. Nikasema ndiyo. Nikamweleza kwamba hapo kwenye sifuri ndipo mkono wa Clifford ulipoiacha hendeli, na kwamba sasa hapatapotea tena.

Aliigusa sifuri kwa kidole. Kisha akasema, "Wilf, hapo si pale."

Nikamwambia ni pale, hakuna aliyegusa.

"Mimi nimegusa," akasema. "Naizungusha kila Ijumaa."

Ana ufunguo wake. Clifford alimpa alipokwenda Barrow kikazi kwa wiki mbili, miaka miwili iliyopita, akamwonyesha kupaka mafuta na kuzungusha kila hendeli huku mara mbili na huku mara mbili ili zisigande, kisha kurudisha mpaka asikie kisu kinagusa, halafu kurudi nyuma kidogo. Basi ameendelea. Alianza Ijumaa ya kwanza baada ya mazishi, nilipokuwa Brighouse. Katika baridi ile kubwa alikuwa anaweka taa ya mafuta ya taa chini ya meza. Ndiyo maana hakuna kutu. Kwa macho kisu kiko pale pale, hata mimi niliyekitazama kila Jumamosi sikugundua. Kwa sehemu ya elfu, mahali pa Clifford palipotea kabla ya Aprili mwaka jana. Sifuri niliyoifunga ni ya mkono wa Elsie, ya Ijumaa ya tarehe kumi na tano.

Nilikasirika, Hilda. Nilimwambia mke wangu neno ambalo sijawahi kumwambia kwa miaka thelathini na nne na ambalo sitaliandika hapa. Akalipokea amesimama. Akasema, "Ungeniambia."

Nikasema, "Na wewe ungeniambia."

"Saa ngapi?" akasema. "Kila Jumamosi unatoka humu uso umefungwa kama duka. Ningekukamata saa ngapi, Wilf? Nilijua hutaki niingie. Nikaona bora niingie wewe hupo."

Mwaka mzima. Kibanda kimoja, funguo mbili, mimi Jumamosi na yeye Ijumaa, kila mmoja akiamini mwenzake hawezi hata kupakanyaga.

Kisha akaitazama hendeli na uso ukambadilika, maana ndipo alipoelewa nilikuwa nalinda nini. Akauliza kwa sauti ndogo kama ameiharibu. Nilikuwa na jibu la fundi, na ni la kweli, nimekuandikia hapo juu. Sikumpa hilo. Nilimwambia ingekuwa mimi peke yangu ingeshakuwa tofali la kutu. Hilo nalo ni la kweli.

Tukasimama hapo. Sijui ni nani aliyesema tumalizie. Nadhani ni mimi. Nilitoa kile kisu chembamba nikaweka kinene, nilichokichonga papo hapo kwa jiwe la kunolea. Nikamwambia Elsie ashike hendeli, maana mkono wake unaujua ulegevu wa skrubu ile kuliko wangu, na mimi nikasoma mistari yako. Nilikuwa namwambia nne zaidi, anazungusha nne. Mbili, anazungusha mbili. Alizungusha hivyo hivyo anavyopima unga, bila papara na bila kurudia. Bangili yako haikudanganya hata mara moja.

Ndani ya silinda alama za kisu cha Clifford zilikuwa zinaonekana, mikwaruzo myembamba hadi katikati, ikikoma pale alipozima mota. Kuimaliza ni kuziondoa. Nilijua hivyo tangu mwanzo na ndicho nilichokuwa nakikimbia, bangili iwepo au isiwepo. Zikatoka kama maranda meusi, zikadondoka kwenye sinia. Tundu likawa safi kutoka mwanzo hadi mwisho, inchi moja na robo kamili. Nikazima mota na mkono ukakataa kutoka kwenye swichi. Nililia, Hilda. Sikulia mazikoni wala kanisani wala siku yoyote, nilifikiri kifaa hicho sina tena. Mwanangu amekufa na nilikuwa nimesimama hapo nalia kama mtoto. Elsie alinishika nyuma ya aproni yangu, kwenye fundo, akasema, "Haya. Nilikuwa nakungoja." Naye akaanza.

Chakula cha mchana tulikula saa kumi, viazi vimekuwa uji.

Sugden nimemwambia mwezi wa tano watakuwa na injini. Pistoni nitaikereza mwenyewe.

Baada ya kula nilimsomea Elsie barua yako ya Novemba. Nilikuwa nimeificha ndani ya kopo la skrubu. Aliisikiliza hadi mwisho akiwa anaosha vyombo, hadi pale pa teksi na ngazi. Akaosha sahani ile ile kwa muda mrefu. Kisha akasema uje Pasaka, chumba kipo na shuka ameshatandika.

Nikamuuliza kuhusu pikipiki nikujibu nini. Akasema, "Mwandikie simlaumu kila siku. Siku nyingine tu."

Na mimi ni hivyo hivyo, Hilda. Siku nyingine tu. Treni ya Alhamisi ndiyo nzuri, nitakuja kukupokea.

Kaka yako,
Wilf